Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Yoga ya Tiba na Deni la Kiswahili

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Aghalabu methali hii hutajwa pale mgeni anapobisha hodi, kuku akachinjwa, na mwenyeji aliyezoea kula mboga naye akapata kitoweo. Hata hivyo, kitenzi kilichomo katika methali si kushiba bali ni kupona. Jamii iliyoiunda ilitambua kwamba uzima waweza kuingia nyumbani ukiwa umevaa mavazi ya kigeni na kuzungumza lugha isiyoeleweka, na kwamba kazi ya mwenyeji ni kuukaribisha, kuupa kiti na kuusikiliza kabla ya kuamua.

Mgeni anayezungumziwa hapa ni yoga, hasa ile yoga inayotumiwa kutibu. Nchini Kenya mgeni huyu amepokewa kwa namna mbili zisizomfaidi mwenyeji. Wapo wanaomwona kuwa burudani ya wenye fedha, jambo la kufanyiwa katika kumbi za mitaa ya kifahari. Wapo pia wanaomwogopa kwa kudhani kuwa ni ibada ya siri iliyojificha ndani ya mazoezi. Makala haya yanashikilia kwamba mitazamo yote miwili ina kasoro. Yoga ya tiba ina faida zilizopimwa, kwa mwili na kwa hisia, na faida hizo zina mipaka inayojulikana. Hata hivyo, haziwezi kuwafikia Wakenya wengi hadi tiba hii itakapofundishwa kwa lugha ambayo wagonjwa hulia, huomba na hufarijiana kwayo. Kwa hivyo, suala hili si la madaktari peke yao. Linawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili moja kwa moja.

Asili ya yoga na maana ya yoga ya tiba

Neno yoga limetoka katika Kisanskriti, na mzizi wake una maana ya kuunganisha au kufunga pamoja, mithili ya ng'ombe wawili wanaofungwa nira ili walime kwa mwendo mmoja. Kinachounganishwa ni mwili, pumzi na mawazo. Katika mapokeo ya Kihindi, mafunzo yanayohusishwa na Patanjali huigawa njia ya yoga katika sehemu nane, zikiwemo maadili, mikao ya mwili, udhibiti wa pumzi na utulivu wa mawazo. Ni bayana, basi, kwamba mikao inayoonekana kwenye picha za matangazo ni sehemu moja tu kati ya nane.

Safari ya yoga kutoka katika mapokeo hayo hadi hospitalini ni ya karne ya ishirini. Mwaka 1924, Swami Kuvalayananda alianzisha taasisi ya Kaivalyadhama huko Lonavla, magharibi mwa India, kwa nia ya kuichunguza yoga kwa vifaa vya maabara badala ya kuiacha mikononi mwa sifa na uvumi. Katika miaka ya 1930, jijini Mysore, alifundisha Krishnamacharya, mwalimu aliyekuja kujulikana kwa msimamo wake kwamba yoga hurekebishwa ili imfae mtu, wala si mtu anayerekebishwa ili aifae yoga. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa mwaka 1918. Utotoni Iyengar aliugua malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu, akawa dhaifu mno. Alipopata nguvu kwa mazoezi, aliyatumia maisha yake kuwafundisha wengine hadi alipofariki mwaka 2014. Ndiye aliyezoeza walimu kutumia viti, kamba, mikanda na blanketi ili hata mzee asiyeweza kuinama au mgonjwa asiyeweza kusimama apate nafasi yake darasani.

Kutokana na historia hii, maana ya yoga ya tiba inajitokeza. Hii ni yoga inayoanza na ugonjwa wa mtu fulani, si na uhodari wa mwalimu. Mikao huwa michache na myepesi, pumzi huangaliwa kwa makini, na mapumziko huhesabiwa kuwa sehemu ya kazi. Mwenye maumivu ya kiuno hapewi zoezi sawa na mwenye pumu, wala mjane aliyekosa usingizi hafundishwi kama mwanariadha anayejiandaa kwa mbio. Anayesimama kwa kichwa mbele ya kamera huenda ni hodari, lakini uhodari huo si tiba.

Mwili na ushahidi wake

Mtu anapoitetea tiba yoyote, hana budi kuulizwa ushahidi. Kuhusu yoga, eneo lililochunguzwa sana ni maumivu sugu ya mgongo, ugonjwa unaowajua vyema wabebaji mizigo sokoni, madereva wa masafa marefu, wachumaji wa majani chai na hata wahadhiri wanaosahihisha mitihani usiku kucha.

Mwaka 2017, watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi uliowahusisha watu wazima 320 wenye maumivu sugu ya mgongo, wengi wao wakiwa watu wa kipato cha chini. Wengine walipewa masomo ya yoga mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki 12. Wengine walipelekwa kwa wataalamu wa tiba ya viungo. Waliosalia walipewa kitabu cha maelezo. Ilibainika kwamba yoga haikuwa duni kuliko tiba ya viungo katika kupunguza maumivu na kumrejeshea mgonjwa uwezo wa kufanya kazi zake. Mwaka huohuo, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliiorodhesha yoga miongoni mwa njia zinazofaa kujaribiwa kwa maumivu sugu ya mgongo kabla ya kukimbilia vidonge.

Uaminifu, hata hivyo, unadai kwamba upande wa pili nao usemwe. Uchunguzi wa mwaka 2011 uliowahusisha watu 228 ulionyesha kuwa yoga iliwafaa wenye maumivu ya mgongo kuliko kitabu cha maelezo, lakini haikuyapita mazoezi ya kawaida ya kujinyoosha. Mapitio ya tafiti 21 yaliyochapishwa mwaka 2022 nayo yalifikia uamuzi wa kiasi: nafuu ipo, ila ni ndogo, na wapo wachache ambao maumivu yao huongezeka. Kwa hivyo, anayetangaza kwamba yoga huponya kila ugonjwa anadanganya, na anayedai kuwa haina lolote naye anadanganya. Ukweli uko katikati. Yoga ni zoezi jema, la gharama ndogo, linalofaa kadiri mazoezi mengine mazuri yanavyofaa, na lina jambo moja la ziada ambalo kujinyoosha peke yake hakuna. Jambo hilo ni pumzi.

Kupumua na kupumzika

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kutega sikio, kwa maana lugha yake imelijua jambo hili tangu jadi. Kupumua, pumzi, pumu na kupumzika ni maneno ya shina moja. Kwa Mswahili, kustarehe ni kupata pumzi, na mchovu huambiwa apumzike, yaani aiachie pumzi ifanye kazi yake. Vilevile nafsi na nafasi, maneno yaliyotoka Kiarabu, yana mzizi mmoja unaohusiana na pumzi. Mtu aliyeponea chupuchupu hushusha pumzi. Mwenye hofu huwa na tumbo joto, roho yake ikawa juu, na moyo wake ukaenda mbio. Mwenye huzuni husema ana moyo mzito. Lugha haijawahi kuitenga hisia na mwili. Imeiweka hisia kifuani, tumboni na kooni, pale pale mgonjwa anapoihisi.

Sayansi ya mwili inaiunga mkono hekima hii. Mapigo ya moyo huharakishwa kidogo mtu anapovuta pumzi na hupungua anapoitoa. Anayetoa pumzi polepole huusaidia ule mfumo wa neva unaoutuliza mwili, mfumo ambao miongoni mwa njia zake kuu ni neva ya vagasi, itokayo kwenye ubongo na kushuka hadi moyoni na tumboni. Kwa kawaida mtu hawezi kuuamuru moyo wake upunguze mwendo. Pumzi, hata hivyo, humilikiwa na pande mbili: hujiendesha yenyewe usingizini, na hutii mtu anapoamua kuiongoza. Kwa sababu hiyo, pumzi ni mlango ambao kwao mtu mwenye wasiwasi anaweza kuingia ndani ya mwili wake na kuubembeleza.

Mwaka 2001, watafiti wa Ulaya waliripoti jambo la kuvutia. Waliwapima watu wazima 23 walipokuwa wakisali rozari kwa Kilatini na walipokuwa wakikariri maneno ya yoga. Katika hali zote mbili, pumzi ilipungua hadi kufikia takriban sita kwa dakika, na mwenendo wa moyo ukawa na utaratibu mzuri zaidi. Sala ya Kikatoliki na maneno ya Kihindi zilikuwa zimegundua mwendo mmoja wa pumzi. Hili ni jambo la kuzingatiwa na yeyote anayedhani kuwa pumzi ya taratibu ni mali ya dini moja.

Majeraha yasiyoonekana

Kenya ni nchi iliyojeruhiwa mara nyingi. Agosti 7, 1998, bomu lililolipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi liliwaua watu zaidi ya 200. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwaua watu zaidi ya 1,100 na kuwafurusha mamia ya maelfu makwao. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na wengi wao walikuwa wanafunzi, watu wa umri na ndoto zilezile za wasomaji wa jarida hili. Wafu walizikwa na kuombolezwa. Waliosalia waliambiwa wapige moyo konde. Hesabu ya majeraha, hata hivyo, huwaacha nje wale walioponea: yule anayeruka kila mlango unapobamizwa, yule asiyelala, yule anayekaa darasani huku mwili wake ungali umejificha chini ya kitanda. Mwaka 2020 jopokazi la kitaifa kuhusu afya ya akili lilipendekeza kwamba ugonjwa wa akili utangazwe kuwa janga la kitaifa. Wahenga walikwisha kuonya: mficha maradhi, kilio humfichua.

Kiwewe kina tabia moja inayolifanya suala la yoga kuwa zito. Aghalabu mwenye kiwewe hushindwa kusimulia. Akiulizwa kilichotokea, ulimi hukwama, lakini mwili huendelea kukumbuka kwa jasho, kwa mtetemo na kwa mapigo ya moyo. Tiba ya mazungumzo ina thamani kubwa, ila humfaa zaidi mtu anayeweza kukaa ndani ya mwili wake akazungumza. Ambaye mwili wake umekuwa nyumba ya hofu huhitaji kwanza kurejeshwa nyumbani humo bila kulazimishwa.

Mwaka 2014, Bessel van der Kolk na wenzake, nchini Marekani, walichapisha uchunguzi uliowahusisha wanawake 64 wenye kiwewe cha muda mrefu ambacho hakikuwa kimepona kwa tiba nyingine. Nusu yao walihudhuria yoga mara moja kwa wiki kwa wiki 10. Nusu nyingine walipewa masomo ya afya. Mwishoni, wanawake 16 kati ya 31 waliofanya yoga hawakuwa tena na dalili za kutosha kuhesabiwa kuwa wagonjwa wa kiwewe, ilhali katika kundi la pili walikuwa 6 kati ya 29. Idadi hii ni ndogo, na wanawake hao hawakuachishwa matibabu yao mengine. Yoga ilikuwa tiba saidizi, si mbadala wa daktari. Pamoja na hayo, kwa watu waliokwisha kukata tamaa, tofauti hiyo si haba. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, na hapa moyo ulianza kufufuka kwa kupitia mabega, mbavu na nyayo.

Hofu zinazostahili kujibiwa

Hofu ya kwanza ni ya kidini, na haifai kubezwa. Ni kweli kwamba yoga ilizaliwa ndani ya mapokeo ya kidini ya India. Muumini anayeuliza maswali anatumia haki yake. Mwaka 2008, baraza la kitaifa la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga inayoandamana na ibada na maneno ya Kihindu. Kwa upande mwingine, mwaka 2017 Saudi Arabia, nchi yenye miji mitakatifu ya Makka na Madina, iliitambua yoga kuwa shughuli ya michezo. Nchini Marekani, wazazi Wakristo walipinga yoga shuleni huko California, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa iliamua kwamba masomo yaliyokuwa yakitolewa humo hayakuwa mafundisho ya dini. Kinachojitokeza katika mifano hii ni kwamba mkao wa mwili na ibada ni vitu viwili vinavyoweza kutenganishwa, na wajibu wa mwalimu wa yoga ya tiba ni kuvitenganisha waziwazi. Kuinama, kupiga magoti na kuketi kwa utulivu si mali ya kabila wala dini. Mgonjwa asiambiwe akariri neno asilolijua maana yake. Mkristo apumue akiwa Mkristo, Mwislamu akiwa Mwislamu.

Hofu ya pili ni kwamba yoga ni jambo la kigeni. Hoja hii ni dhaifu zaidi masikioni mwa wanafunzi wa lugha. Kiswahili kimekula chapati, kikapanda gari, kikakata bima na kuhesabu malaki ya shilingi bila kuuliza maneno hayo yalivuka bahari gani. Kati ya 1896 na 1901, takriban vibarua 32,000 kutoka India walikuja kuijenga reli kutoka Mombasa, na mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wenye asili ya Kihindi kuwa kabila la 44. Aidha, tangu mwaka 2007 mradi wa Africa Yoga Project, wenye makao Nairobi, umewafunza vijana wa mitaa ya mabanda kuwa walimu wa yoga. Mgeni huyu, basi, ana jamaa nyumbani.

Hofu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni madhara. Mwenye shinikizo la juu la damu au ugonjwa wa macho wa glakoma hapaswi kupinduliwa kichwa chini. Mwenye mifupa iliyodhoofika hukunjwa kwa tahadhari. Mama mjamzito huhitaji mwalimu anayeijua hali yake. Mgonjwa wa kisukari, wa moyo au wa sonona asiache dawa zake kwa sababu amehisi nafuu baada ya kupumua vizuri kwa wiki tatu. Pia mwalimu asimguse mtu bila idhini, kwa kuwa mkono wa ghafla juu ya mwili uliowahi kudhulumiwa waweza kulifungua upya jeraha lililokuwa likifunga. Tiba isiyo na masharti haistahili kuitwa tiba.

Deni la Kiswahili

Daktari aweza kumdunga mgonjwa sindano bila kusema mengi, na dawa ikafanya kazi. Mwalimu wa yoga hana sindano. Mgonjwa amelala, macho ameyafumba, na kinachomwongoza ni sauti peke yake. Neno ndilo dawa, na neno ndilo kijiko. Iwapo neno hilo halieleweki, au linaeleweka visivyo, hakuna tiba iliyotolewa. Hapa ndipo deni la Kiswahili linapoanza, kwa sababu vitabu vya kufundishia yoga aghalabu vimeandikwa kwa Kiingereza na majina ya mikao ni ya Kisanskriti. Mama wa Kibera, mvuvi wa Mtwapa na mkulima wa Kakamega hawawezi kutarajiwa wafasiri huku wanatetemeka.

Tafsiri ya pupa nayo haitoshi. Mkao wa kulala chali mwishoni mwa somo huitwa kwa Kisanskriti jina lenye maana ya mkao wa maiti. Kulitafsiri jina hilo neno kwa neno mbele ya mtu aliyewahi kujilaza kati ya maiti ili asiuawe ni ukatili, hata kama hakukusudiwa. Kiswahili kina maneno mengine: mkao wa mapumziko, au kulala chali tu. Vivyo hivyo, walimu wa Kiingereza hupenda kumwambia mwanafunzi apumue ndani ya mgongo wake. Msemo huo ukiletwa ulivyo, mgonjwa ataduwaa, kwa kuwa hakuna apumuaye kwa mgongo. Mswahili angesema: vuta pumzi, uache mgongo upanuke. Sehemu za mwili hazikosi majina: nyonga, kiwiko, mtulinga, kisogo, unyayo, kifundo cha mguu. Mikao nayo imejaa tele: kuchuchumaa, kukunja nne, kupiga magoti, kulala kifudifudi, kurukuu. Watoto huyajua maneno haya kabla hawajaingia shule.

Jambo la kina zaidi ni hali ya kitenzi. Yoga iliyoundwa kwa ajili ya wenye kiwewe, ile iliyoendelezwa na David Emerson na wenzake huko Massachusetts, huepuka amri. Mwalimu haagizi, anaalika, ili mtu aliyewahi kunyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake aurejeshe uamuzi huo kidogo kidogo. Kiswahili kina zana za kazi hii ndani ya sarufi yake. Inua mkono ni amri, na mwenye kuisikia huenda akasikia ndani yake sauti ya askari au ya mvamizi. Uinue mkono, kwa kiishio cha -e, tayari imelegea, imekuwa ombi. Ukipenda, unaweza kuuinua mkono, kwa -ki- ya masharti, inamwachia mgonjwa ufunguo wa mlango wake mwenyewe. Mwanafunzi aliyewahi kulalamika kwamba sarufi haina matumizi nje ya chumba cha mtihani ataona hapa kwamba kiambishi kimoja kinaweza kuwa tofauti kati ya kumtuliza mtu na kumtonesha kidonda.

Yapo mambo manne yanayoweza kufanywa bila kusubiri bajeti ya serikali. Kwanza, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vishirikiane na wataalamu wa tiba ya viungo, washauri nasaha na walimu wa yoga kuunda istilahi, na istilahi hizo zitafutwe kwanza midomoni mwa watu kabla ya kubuniwa mezani. Pili, uandaliwe mwongozo mfupi wa masomo mepesi, uandikwe na kurekodiwa kwa sauti, ili uweze kutumiwa katika zahanati na kusikika redioni. Tatu, kila neno lijaribiwe kwa wagonjwa wenyewe kwa kuwauliza wameelewa nini, wala si kwa kupigiwa kura na wasomi. Nne, tasnifu ziandikwe kuhusu lugha ya uponyaji: namna Wakenya wanavyoyataja maumivu, hofu na nafuu kwa Kiswahili na kwa lugha zao za mama. Uwanja huu ni mpana kuliko mashamba mengi ya isimu yaliyokwisha kulimwa hadi yakachoka.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema mambo mawili ambayo hayajakutanishwa vya kutosha. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kufikia kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana. Afya inayotolewa kwa lugha asiyoielewa mgonjwa inazikanyaga haki zote mbili kwa pamoja.

Hitimisho

Umoja wa Mataifa uliitenga Juni 21 kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2022. Kati ya siku hizo mbili zipo siku 16 tu. Ingefaa vyama vya Kiswahili vyuoni viutumie muda huo kila mwaka kwa jambo lenye manufaa zaidi kuliko hotuba: kuwakusanya wanaoumwa migongo na wanaoumwa mioyo, watandikiwe mikeka ya kawaida, wasikie kwa lugha yao kwamba wanaweza, wakipenda, kuvuta pumzi na kuitoa polepole.

Yoga haitawarudisha waliokufa Garissa wala kuzijenga upya nyumba zilizochomwa mwaka 2008. Haitachukua nafasi ya daktari, dawa, haki wala sala. Itafanya kazi ndogo, na kazi hiyo ni ya lazima: kumfundisha mtu aliyejeruhiwa kwamba mwili wake ungali wake. Kazi hiyo hufanywa kwa maneno. Wenye maneno hayo wamekaa katika madarasa ya Kiswahili, nao hawana kisingizio cha kusubiri mtu mwingine ayaseme kwa niaba yao.